Mteja mwenye bastola, stika ya mlangoni na “Katiba inaniruhusu”

SWALI: Wakili, habari za kazi. Nina mgahawa mdogo hapa Houston: pilau, mishikaki, chapati, na Jumapili watu wakitoka kanisani tunajaa mpaka nje. Juzi aliingia bwana mmoja, bastola kiunoni, wazi kabisa, akaagiza chai ya maziwa. Mama mmoja aliyekimbia vita Goma akainua wanawe na kuondoka, sahani wakaiacha nusu. Nikamwonyesha yule bwana stika niliyobandika mlangoni, ile ya bastola iliyopigwa mstari mwekundu. Akacheka kwa adabu, akasema stika hiyo Texas si kitu, na kwamba Katiba inamruhusu. Ni kweli? Nikimtoa atanishtaki? Halafu kijana wangu wa jikoni anaomba aache bastola yake kwenye gari pale nje akiwa kazini. Na mpwa wangu, aliye hapa kwa viza ya masomo, hunishikia kaunta usiku. Je, nimwachie bastola yangu kwenye droo kwa ajili ya usalama? — Mama Pilau

JIBU: Mama Pilau, pole kwa sahani iliyorudi nusu. Huyo bwana alikwambia mambo mawili. La Katiba amekosea. La stika, kwa bahati mbaya, yuko sahihi.

Nianze na Katiba, maana ndiyo inayowatisha wengi wetu tuliokulia kwenye nchi ambazo raia mwenye bastola ni jambo la kuombewa kibali polisi, si haki ya kuzaliwa. Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani yaliridhiwa mwaka 1791. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu ilisema haki hiyo ni ya mtu binafsi, awe na silaha nyumbani kwake kujilinda. Mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, ikaipeleka haki hiyo nje ya nyumba, mpaka barabarani. Ni ushindi mkubwa kwa watetezi wa haki ya silaha, na usishangae mteja wako kuzikumbuka kesi hizo kuliko wanasheria wengi.

Lakini tazama waliokuwa wakishtakiwa: Jiji la Washington, kisha maofisa wa Jimbo la New York. Yaani serikali. Katiba inaifunga serikali mikono. Wewe si serikali. Mgahawa ni wako, mlango ni wako, na anayeingia ameingia kwa ridhaa yako, ambayo unaweza kuiondoa chai ikiwa bado inafuka moshi. Ni kama mtu apande juu ya meza yako aanze kuhutubia siasa, kisha akwambie ana uhuru wa kusema. Anao, ila si juu ya meza yako.

Kwa hiyo kumtoa mtu kwa sababu ya silaha yake hakumpi kesi ya kukushinda. Sheria ya Haki za Raia ya 1964 inakukataza kumbagua mteja wa mgahawa kwa rangi, dini au asili ya taifa lake. Kubeba bastola hakumo. Ila hapohapo pana mtego. Ukimtoa kijana mweusi mwenye bastola leo, na kesho ukamwacha mzungu mwenye bastola anywe chai yake kwa sababu ni mteja wa siku nyingi, hiyo haiitwi tena kanuni ya silaha. Kanuni iwe moja kwa wote, au usiwe nayo. Askari polisi mtoe kwenye hesabu: sheria ya Texas hairuhusu biashara inayohudumia umma kumzuia asiingie na silaha, hata akiwa nje ya zamu.

Sasa stika. Hapa ndipo watu wanapoteza hela.

Texas haijali kama umechora bastola na kuipiga mstari. Inataka maneno, na ina vifungu vitatu vya Kanuni ya Adhabu kwa watu wa aina tatu. Kifungu cha 30.06 ni cha mwenye leseni aliyeficha bastola chini ya shati. Cha 30.07 ni cha mwenye leseni anayeibeba wazi. Cha 30.05, kile cha kuingia kwa jinai kwa ujumla, ndicho kinachomhusu asiye na leseni, kwa sababu tangu tarehe 1 Septemba 2021 mtu mzima anayeruhusiwa kumiliki bastola anaweza kuibeba Texas bila leseni yoyote. Huyo bwana wako hukumuuliza kama ana leseni, wala huna haja ya kumuuliza. Lakini maana yake ni kwamba anayetaka mlango wake ufungwe kwa wote watatu kwa maandishi anahitaji vibao vitatu.

Na si vibao vya kuandika kwa mkono. Vile vya 30.06 na 30.07 lazima vibebe maneno ya sheria yenyewe, neno kwa neno, kwa Kiingereza na kwa Kihispania, herufi kubwa zisizopungua inchi moja (pima kwa kiungo cha juu cha kidole gumba chako), kwa rangi zinazoachana na mandharinyuma, mahali ambapo umma unaona waziwazi. Cha 30.05 kinaruhusu maneno yanayokaribiana, masharti mengine ni yaleyale. Weka vyote kwenye kila mlango wanaopita wateja, pamoja na ule wa nyuma wanaotokea maegesho. Nimewahi kumpimia mteja wangu mmoja dirisha: baada ya vibao vitatu, menyu yake ikabaki na nafasi ya kutosha neno “chapati” tu. Kiswahili, kwa taarifa yako, hakihesabiki. Unaweza kukiongeza chini kwa faida ya jirani zetu, lakini kisheria hakiongezi wala hakipunguzi kitu.

Masharti haya hayakuja kwa bahati mbaya. Mwenye leseni asije akajikuta na kosa kwa sababu ya kijistika kidogo ambacho hakukiona, ndiyo hoja ya watetezi wa silaha, na nikisema kweli si hoja mbaya. Kanuni inayompa mtu rekodi ya jinai inatakiwa isomeke. Lakini watetezi haohao wanajua pia kwamba kibao kikiwa kikubwa na kibaya, wenye biashara wengi wataacha kukiweka. Kuna watu wanaopiga picha vibao vya milangoni na kuviweka kwenye orodha za mtandaoni, hiki halali, hiki batili. Ukibandika, tegemea kukaguliwa kwa rula.

Kila jimbo lina yake, na hili nalisema kwa sababu ndugu zetu hutumiana ushauri kwa WhatsApp kutoka Minneapolis hadi Dallas kana kwamba ni nchi moja. Minnesota inataka maandishi meusi ya aina ya Arial, urefu wa inchi moja na nusu, kwenye kibao cha inchi za mraba zisizopungua 187, ndani ya futi nne kutoka mlangoni. Na anayekaidi, faini ya kosa la kwanza haizidi dola 25. Illinois inatosheka na kibao cha inchi nne kwa sita kilichochorwa na polisi wa jimbo. Yapo majimbo ambako kibao hakina nguvu ya jinai mpaka mtu aambiwe atoke na akatae. Stika kama yako, ukiihamishia Chicago, ingekuwa karibu na sheria. Houston ni pambo.

Lakini usikate tamaa, dada yangu, maana kitu chenye nguvu kuliko kibao chochote Texas unacho tayari. Mdomo. Vifungu vyote vitatu vinakubali taarifa ya maneno. Anayepita kibao halali anakabiliwa na kosa dogo, faini isiyozidi dola 200. Anayeambiwa ana kwa ana kwamba silaha haziruhusiwi hapa, aondoke, kisha akabaki, anapanda hadi daraja A: jela hadi mwaka mmoja na faini hadi dola 4,000. Yaani siku ile ungeacha kumwonyesha stika, ukamwambia kwa upole, “Baba, hapa kwangu haturuhusu silaha, naomba uiache garini au nikufungie chai uondoke nayo,” ungekuwa umetimiza sheria kuliko kwa vibao vitatu. Sema mbele ya mfanyakazi mwingine, ili awepo wa kueleza ulichosema. Akikataa, usimguse wala usibishane Katiba naye. Rudi kaunta, piga polisi, useme mtu ameambiwa aondoke na amekataa. Usianze simu kwa “kuna mtu na bunduki” kama hajamtishia yeyote. Maneno hayo huleta askari wa namna nyingine kabisa, mikono ikiwa tayari kwenye silaha, nawe una watoto wanakula.

Tena ipo njia ya katikati ambayo wachache wanaijua: kwa wenye leseni, sheria inakubali pia kadi yenye maneno yaleyale. Unachapisha kadi chache, unaziweka chini ya mashine ya hela. Anayekuja na bastola anapewa kadi kabla ya menyu. Dirisha lako linabaki na pilau.

Umeuliza kama watetezi wa silaha watakususia. Hapana, hukuuliza, ila nitalijibu, kwa sababu ndilo watu hulihofia kisha hawalitaji. Makampuni makubwa yamepita hapo. Mwaka 2014 watetezi wa kubeba silaha wazi walikuwa wakiingia migahawa ya Texas na bunduki ndefu mabegani, na wengi walidhani ni wazimu tu. Haikuwa wazimu. Wakati huo kubeba bastola wazi Texas kulikatazwa, bunduki ndefu kuliruhusiwa, na wao walikuwa wanaonyesha upuuzi wa sheria kwa kuutembeza. Bastola wazi iliruhusiwa kwa wenye leseni Januari 2016, kwa hiyo walipata walichotaka. Ila njiani Chipotle na Target waliomba wateja waache silaha nyumbani, kama Starbucks walivyofanya mwaka 2013. Hata NRA, chama kikubwa cha wenye silaha, kilitoa tamko la kuwakemea wale wa bunduki migahawani, kisha kikaliondoa na kuomba radhi. Mwaka 2019, baada ya mauaji ya Agosti ndani ya duka lao El Paso, Walmart nao waliomba watu wasibebe silaha wazi. Angalia neno: waliomba. Ombi halina kifungu, halina herufi za inchi moja, na halimpi mfanyakazi wa kaunta kazi ya upolisi. Kwa mgahawa wenye meza nane, mimi ningeanza na ombi.

Ndani ya kambi ya watetezi wa silaha wenyewe jambo hili linawauma, maana wengi wao wanaamini vitu viwili kwa nguvu sawa: silaha yangu ni yangu, na mali ya mtu ni ya mtu. Hawaii mwaka 2023 ilitunga sheria kwamba silaha isiingie kwenye biashara ya mtu mpaka mwenyewe aruhusu. Waliipinga mahakamani, na Oktoba 2025 Mahakama ya Juu ikakubali kuisikiliza kesi hiyo, Wolford dhidi ya Lopez. Lakini soma madai yao: hawasemi mwenye duka hawezi kukataa. Wanabishania nani aanze kusema, mwenye duka au mwenye bastola. Haki yako ya kusema “hapana” hata wao hawaigusi.

Kijana wa jikoni: mwache. Tangu mwaka 2011 Texas imemkataza mwajiri kumzuia mfanyakazi anayemiliki silaha kihalali asiifungie ndani ya gari lake kwenye maegesho ya kazini. Chanzo cha sheria za namna hii ni Oklahoma, ambako mwaka 2002 kiwanda cha Weyerhaeuser huko Valliant kilifukuza wafanyakazi waliokutwa na bunduki kwenye magari yao. Unaruhusiwa kumkataza asiingie nayo ndani ya jengo. Mwandikie hivyo kwenye karatasi, atie saini, mmalize.

Kama siku moja utauza bia kiasi kwamba asilimia 51 au zaidi ya mapato yako inatokana na vileo vinavyonywewa hapohapo, mambo yote haya yanabadilika: unatakiwa kuweka kibao chekundu cha 51%, na bastola inakatazwa na sheria yenyewe. Kwa pilau na chai, haikuhusu.

Nimeacha mpwa mwisho kwa sababu ndiyo sehemu ya barua yako iliyonifanya niweke kikombe chini. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliye Marekani kwa viza ya muda, pamoja na ya masomo, kuwa na silaha ya moto au hata risasi. Kuna misamaha michache, mmojawapo kuwa na leseni halali ya uwindaji. Na “kuwa na” hakumaanishi kuishika tu. Droo iko mbele yake, anajua kilichomo, ufunguo anao: mwendesha mashtaka hahitaji zaidi ya hapo. Adhabu inafika miaka 15 jela, na hata akipata kidogo, viza ndiyo imekwisha. Itoe bastola kwenye droo leo kabla hajaingia zamu, uende nayo nyumbani au uifungie kwenye kasha ambalo hana namba zake.

Na hilo la yeye kushika kaunta usiku kwa viza ya masomo, Mama Pilau, usiniandikie tena. Nipigie simu.