Ndani au Nje ya IR35: Kwa Wanaoanza Ukandarasi Uingereza

Mkandarasi, yaani mtaalamu anayefanya kazi kwa mkataba bila kuajiriwa, akitafuta kazi Uingereza leo hukutana na swali moja kabla hata ya kuulizwa anaweza kufanya nini: kazi hii iko ndani, au iko nje, ya IR35, sheria ya kodi ambayo ukiwa ndani yake unakatwa kodi kama mwajiriwa? Nilipoanza kazi ya kupima programu kupitia kampuni yangu mwenyewe mwaka 2014, swali hilo lilikuwa langu kulijibu, na nakiri kwamba, kama wengi wa wakati ule, nililijibu haraka na kwa namna iliyonifaa mimi. Siku hizi jibu hutolewa na mteja, na akikosea, kosa lake utaliona kwenye malipo yako. Ninalotaka kuwaeleza ninyi mnaokuja nyuma ni kwamba, ingawa uamuzi si wenu, ushahidi unaotumika kuamua hutokana na jinsi mnavyofanya kazi kila siku, na maandalizi yasiyoanzia hapo hubaki kuwa ya makaratasi.

IR35 si jambo geni. Jina hilo lilitokana na namba ya taarifa iliyotolewa na idara ya mapato ya Uingereza mwezi Machi 1999, na sheria ikaanza kutumika Aprili 2000. Shabaha yake ni mtu anayefanya kazi kama mwajiriwa hasa, lakini ameweka kampuni yake katikati ili ajilipe gawio la faida badala ya mshahara, na hivyo kupunguza kodi ya mshahara na michango ya lazima ya hifadhi ya jamii iitwayo Bima ya Taifa. Kwa miaka 17 kampuni ya mkandarasi ndiyo iliyojipima yenyewe. Aprili 2017 jukumu la kupima likahamishiwa kwa taasisi za umma zinazotumia wakandarasi, na tarehe 6 Aprili 2021 likazifikia kampuni binafsi za kati na kubwa. Mageuzi haya ya pili yalikuwa yaanze mwaka mmoja kabla, lakini yaliahirishwa tarehe 17 Machi 2020 kwa sababu ya korona, zikiwa zimebaki siku 20 tu. Kisha Septemba 2022 Waziri wa Fedha, Kwasi Kwarteng, akatangaza kwamba mageuzi yote mawili yangefutwa, na haikupita hata mwezi mmoja mrithi wake, Jeremy Hunt, akalibatilisha tangazo hilo. Nina rafiki aliyekuwa ameshakataa kazi mbili nzuri zilizokuwa ndani, akisubiri Aprili iliyofuata, ambapo ufutaji huo ulitarajiwa kuanza. Tangazo la bajeti lisilopitishwa kuwa sheria halilipi kodi ya nyumba.

Kampuni zilijiandaa kwa njia zilizotofautiana mno. Benki kubwa kadhaa ziliamua kwamba hazitachukua tena mkandarasi yeyote mwenye kampuni yake, hata awe anafanya kazi ya namna gani. Anayetaka kubaki aajiriwe au apitie kampuni mwavuli, yaani kampuni inayomwajiri mkandarasi na kumlipa mshahara kwa kazi anayomfanyia mteja. Wengine walichukua njia ndefu zaidi, wakapitia kazi moja moja. Hofu yao haikuwa ya bure, kwani hata wizara ya serikali inayoshughulikia kazi na pensheni ilikuja kudaiwa karibu pauni milioni 88 kwa kukosea kuwapima wakandarasi wake baada ya mwaka 2017. Ukijua kwamba mteja anaogopa deni la namna hiyo, utaelewa kwa nini mara nyingi huona ni salama zaidi kukuweka ndani.

Mteja wangu wa wakati huo alikuwa miongoni mwa waliopitia kazi moja moja, na hapo ndipo nilipojifunza. Fomu ya maswali ilitumwa kwa meneja wa mradi, ambaye hakuwahi kuusoma mkataba wangu, akaijaza ndani ya dakika kumi kabla ya chakula cha mchana. Kwenye swali la kama ningeweza kumleta mtu mwingine afanye kazi kwa niaba yangu, alijibu hapana, ingawa mkataba ulisema ndiyo. Kwenye saa za kazi akaandika saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kwa sababu ndizo saa alizozoea kuniona. Wiki mbili baadaye nililetewa tamko la hadhi yangu, yaani hati ya mteja inayosema kama uko ndani au nje. Langu lilisema: ndani. Nilikasirika, lakini nilipotulia nikaona kwamba yule bwana hakusema uongo. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kilekile miezi kumi na minane, ninaomba ruhusa kwenda kwa daktari, na siku moja nilishirikishwa kupanga zamu za sikukuu za watumishi wao.

Vipimo vyenyewe ni vya zamani kuliko IR35, kwani msingi wake ni hukumu ya mwaka 1968. Huangaliwa kama ni lazima kazi uifanye wewe mwenyewe au unaweza kumleta mbadala, kama mteja ana udhibiti juu ya namna unavyoifanya, na kama kuna wajibu wa pande mbili, yaani huyu kutoa kazi na yule kuifanya. Usidhani kwamba kazi fupi fupi zinakuokoa kwenye kipimo hiki cha tatu. Septemba 2024 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua shauri la marefa wa mpira waliokuwa wakichezesha mechi kwa malipo, mechi moja baada ya nyingine, wakiwa huru kukataa. Mahakama ikaona kwamba hata katika mkataba wa mechi moja wajibu huo wa pande mbili unaweza kuwapo, na kiwango cha kutosha cha udhibiti pia. Kama refa wa mwisho wa wiki anaweza kufika huko, mtaalamu wa kompyuta aliyekaa ofisini miezi 18 asijifariji.

Kwa hiyo tangu siku ya kwanza fungua faili. Weka humo barua pepe zinazoonyesha kwamba umepewa matokeo ya kufikia na si orodha ya saa, bima yako ya dhima ya kitaaluma (inayolipa hasara ikitokana na kosa lako la kikazi), risiti za vifaa ulivyonunua, na kazi za wateja wengine. Muombe anayesimamia kazi athibitishe kwa maandishi jinsi inavyofanyika, na uombe hivyo mapema, kabla ya fomu kumfikia. Tamko likija usiloliridhia, una haki ya kulipinga kwa mteja, ukieleza sababu zako, naye anapaswa kukujibu ndani ya siku 45. Asipojibu, mzigo wa kodi unaweza kumwangukia yeye. Mimi nilipinga nikashindwa, na kwa haki kabisa.

Ukiwa ndani, lililo muhimu ni kuisoma bei. Sisi tuliotoka Tanzania au Kenya tumezoea kodi ya zuio ya asilimia 5 inayokatwa kwenye ankara ya huduma, tukadhani makato ya huku yatafanana na hayo. Hayafanani. Tuseme umeahidiwa pauni 450 kwa siku kupitia kampuni mwavuli, yaani pauni 2,250 kwa wiki. Fedha hiyo si mshahara wako bado. Ndani yake mna michango ya Bima ya Taifa ya mwajiri, ambayo tangu Aprili 2025 ni asilimia 15, mna tozo ya mafunzo ya asilimia 0.5, na mna ada ya kampuni mwavuli yenyewe, tuseme pauni 25. Vyote hivyo vikitoka, mshahara ghafi unabaki kama pauni 1,939, ukiwa umejumuisha na malipo yako ya likizo, na ni hapo ndipo kodi yako mwenyewe na michango yako mwenyewe inaanza kukatwa. Hati yangu ya mshahara ya kwanza ya aina hii niliisoma mara tatu nikiwa kwenye treni nikidhani wamekosea. Wakala wa ajira akikutajia kiwango cha siku, muulize palepale, na kwa maandishi: je, michango ya mwajiri imo ndani ya kiwango hiki, au iko juu yake?

Na ukiona kampuni mwavuli inaahidi kwamba utabaki na asilimia 85 au 90 ya malipo yako, kimbia. Hesabu haiwezi kutoka hivyo kwa njia halali, na kwa kawaida sehemu ya fedha huitwa mkopo au zawadi ili isikatwe kodi. Maelfu ya watu walioingia katika mipango ya mikopo ya namna hiyo walikuja kudaiwa kodi ya miaka mingi kwa pamoja mwaka 2019, na deni liliwafuata wao wenyewe. Inaniuma kusema kwamba matangazo haya huenea sana katika makundi yetu ya WhatsApp, yakiletwa na mtu unayemwita kaka au dada ambaye naye ameahidiwa kamisheni. Tangu tarehe 6 Aprili 2026, wakala, au mteja pale pasipo na wakala, anaweza kudaiwa kodi ya mishahara ambayo kampuni mwavuli haikuilipa. Ndiyo maana mawakala wamefupisha orodha za kampuni wanazozikubali. Orodha hiyo si usumbufu, chagua humo.

Wateja wadogo hawabanwi na mageuzi ya 2021. Kampuni ndogo hupimwa kwa mauzo, mali na idadi ya wafanyakazi, na vikomo vya vipimo viwili vya kwanza vilipandishwa mwezi Aprili 2025. Huko bado unajipima mwenyewe, lakini na deni nalo likitokea ni la kampuni yako. Kuhusu viza nitasema kwa ufupi: mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri, na kuwa mkurugenzi wa kampuni yako kunahesabiwa humo, mwenye viza ya mhitimu anaruhusiwa.

Jambo moja husahaulika: kazi hubadilika wakati tamko limelala kwenye droo. Mwaka juzi nilichukua mradi wa miezi minne uliokuwa nje bila ubishi, wa kuhamisha vipimo vya mfumo mmoja kwenda mwingine. Mkataba uliongezwa mara mbili, na kufikia mwezi wa kumi wa mradi nilikuwa nahudhuria kila mkutano wa asubuhi na kushika nafasi ya dada mmoja aliyekuwa katika likizo ya uzazi. Tamko bado lilisema nje. Nilimwandikia mteja nikamwomba alipitie upya kabla ya kusaini nyongeza ya tatu. Alilipitia, akaniweka ndani, nami nikaomba kiwango cha siku kipandishwe ili kibebe michango ya mwajiri. Alikipandisha kwa pauni 40, ambazo hazikutosha, lakini nikasaini.