Ukitaka kuelewa mageuko ya ndege, anza na kuku wa supu

Mimi tangu utotoni ni mgonjwa wa wanyama, ndege ndo kabisaa, yani wenzangu wanabishana Simba na Yanga mimi nawaza kwa nini bata ana ngozi katikati ya vidole na kuku hana. Sijapona mpaka leo. Sasa watu wanaotaka kuingia kwenye haya mambo ya mageuko, yani jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi hadi kizazi, huwa wananiuliza wanunue darubini gani, waende Manyara au Serengeti, na jibu langu ni lile lile: hiyo hela nunua kuku wa kienyeji. Mzima, na miguu yake, sio vipande vya kwenye friza.

Chemsha supu mle, ila mifupa usitupe. Anza na miguu, angalia yale magamba, angalia vidole vitatu mbele, halafu katafute picha za nyayo za dainosaria waliokula nyama, zile zilizobaki kwenye mawe, utakuta vitatu mbele hivyo hivyo. Njoo kidarini kuna kile kimfupa chembamba chenye umbo la V, Tyrannosaurus rex, dainosaria mkubwa mla nyama, naye alikuwa nacho, maana ndege ni wa ukoo huo huo wa dainosaria. Kisha kipapatio, hapa usiwe na pupa, tenganisha maungio taratibu: mfupa mmoja juu, miwili inafuata kama wewe kuanzia kiwiko kwenda chini, mwishoni vidole vitatu, viwili vimegandana na kimoja kidogo kimechomoza pembeni kama dole gumba. Ni mkono kabisa ule! Popo naye anaruka lakini yeye bawa lake ni vidole vilivyorefuka na ngozi ikatandazwa katikati, kwa hiyo kila mmoja alifika angani kwa njia yake.

Ushauri wa pili, ukimwona mnyama jiulize ndugu yake nani, na usiamini sura. Chozi wetu wanaonyonya maua wamefanana sana na wale ndege wadogo wa Marekani wanaoelea hewani mbele ya ua, ila ni koo tofauti kabisa, asali ya maua ndo imewachonga hivyo wote. Halafu mamba, watu wengi hawanielewi nikisema hili, mamba yuko karibu na kuku kuliko alivyo karibu na kenge. Moyo wake una vyumba vinne kama wa ndege, mama analinda mayai, na vitoto vinalia vikiwa bado ndani ya yai, kama vifaranga tu.

Na yule tunayemwita mjusi wa Tendaguru, ambaye ni dainosaria, aliyesimama kwenye jumba la makumbusho Berlin na kimo cha mita 13 na ushee, undugu wake na kuku ni wa karibu kuliko undugu wake na mjusi kafiri hapo ukutani. Mifupa ilichimbwa kule Lindi kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi mpaka bandarini, tani mia mbili na zaidi. Wajerumani ndo wanatajwa, ila msimamizi wa kazi alikuwa Boheti bin Amrani, na kuna dainosaria mwingine wa huko huko alipewa jina lake mwaka 2007, Australodocus bohetii. Binafsi naona hilo jina lingefundishwa shuleni. Jumba lile lile la Berlin lina Archaeopteryx, kiumbe mwenye manyoya ya ndege na meno ya dainosaria, na wote wawili ni wa miaka kama milioni 150 iliyopita.

Ukidhani vya kugundua vimeisha, mwaka 1991 kule milima ya Udzungwa watafiti waliona miguu ya ajabu ndani ya sufuria ya chakula kambini. Ndo akajulikana kwale wa Udzungwa, ambaye ndugu zake wa karibu wako Asia! Ndo maana nasema kagueni sufuria.

Nyumbani mtabishana, jiandaeni. Wajomba watakuuliza kama babu yako ni nyani. Mwambie hapana mjomba, nyani ni binamu wa mbali sana, ukoo ulishagawanyika zamani, kisha badilisha mada, sikukuu haiharibiwi kwa hili.

Kwa walio Mwanza, Musoma, Bukoba au Kisumu, mkimaliza kuku nendeni mwaloni asubuhi mkaombe furu, wale samaki wadogo. Ziwa Victoria lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita, na toka lijae tena furu wamegawanyika aina zaidi ya 500, wengi wametoweka baada ya sangara kuletwa miaka ya 1950. Mfungue koo, kuna taya za pili humo ndani. Anayekula konokono meno yake ya kooni ni manene butu, mwingine ana vijino vyembamba tu. Nendeni na tochi ya simu, koo lenyewe ni dogo.