Kama Hujawahi Kula Masaki, Soma Hii Kabla Hujaenda

Jumatatu asubuhi nimeamka nikakuta ujumbe wa kijana mmoja wa Chanika. Ana miezi mitatu kazini, anataka kumtoa mchumba wake wakale Masaki, ushuani hapa Dar es Salaam, na ameniuliza swali lililonifanya niweke mkasi chini: "Dada, nina laki moja na nusu. Itatosha, au nitaaibika?"

Laki moja na nusu. Ndiyo hela ileile niliyoingia nayo Masaki mwaka 2017, na nikaaibika.

Sijawahi kuandika habari hii hapa. Nimewaelezea mambo ya mtaji, mikopo ya vikoba, wateja wanaochukua mzigo na kuzima simu, lakini hii niliificha. Leo naisema yote, kwa sababu Jumamosi iliyopita nilirudi kulekule, nikiwa na mama yangu, na nikatoka nimenyooka. Kwa hiyo kaka yangu wa Chanika, na wengine wote mnaopita barabara ya Haile Selassie mkiangalia zile taa kupitia dirisha la daladala, kaeni mnisikilize.

Mwaka ule nilikuwa nimelipwa oda yangu ya kwanza kubwa, mikoba arobaini ya kitenge. Rafiki yangu wa tangu sekondari alikuwa anatimiza miaka ishirini na minne. Tulikuwa wasichana wanne, wote wa Tandale, na hakuna hata mmoja aliyewahi kula ushuani. Tukachanga mpaka ikafika laki moja na nusu. Tulisukana wenyewe, tukaazimana viatu, tukashuka kituoni na kwenda kwa miguu ili nywele zisiharibiwe na upepo wa bajaji.

Kwenye geti la mgahawa mlinzi alitusimamisha akauliza, "Mnamfuata nani humu?"

Hakuuliza kama tumekuja kula. Aliuliza tunamfuata nani, maana machoni pake wasichana wanne weusi kwa miguu lazima wawe wamekuja kumwona ndugu yao anayeosha vyombo jikoni. Na huku tunajieleza, nyuma yetu walipita wageni wawili wamevaa kandambili, na kaptula zina mchanga wa ufukweni. Aliwapigia saluti. Miaka yote hii nimejaribu kumwelewa mlinzi yule. Naye ametoka Tandale au Manzese kama mimi, naye ana bosi. Lakini lile "mnamfuata nani" nililibeba kama mwiba.

Ndani tukawa makini. Mmoja wetu aliweka simu mapajani akawa anajumlisha kila tunachoagiza: pitsa mbili, kuku, kamba, juisi nne, keki ndogo ya mwenye siku yake. Ikafika 142,000. Tukapeana ishara ya macho, tunabaki na elfu nane ya nauli, safi. Tulikula, tukapiga picha, tukacheka kwa sauti ya chini kama watu waliozoea.

Bili ikaja 167,560.

Nilidhani ni ya meza nyingine. Mhudumu akafungua ukurasa wa mwisho wa menyu, akaweka kidole chini kabisa, kwenye maandishi madogo kuliko yote: bei hazijajumuisha VAT. Ndiyo kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Yaani 25,560 ambazo hatukuwa tumezihesabu, na mfukoni tulipungukiwa 17,560.

Meneja alikuja, hakupiga kelele. Alituambia tu tusogee pale karibu na mlango tusubiri, ili meza iandaliwe kwa wateja. Kwa wateja! Juisi yangu ilikuwa bado nusu, ikaondolewa nikiiona. Nikampigia kaka yangu, alikuwa Kariakoo, naye akaanza kutafuta wakala mwenye salio. Tulisimama dakika arobaini chini ya kiyoyozi, tumebeba mikoba yetu kifuani, kila anayeingia anatuangalia. Mwenye siku yake ya kuzaliwa alilia kwenye daladala kutoka Masaki hadi Makumbusho. Mpaka leo tukikutana hatuizungumzi siku hiyo, na picha zile hakuna aliyeziweka popote.

Miaka iliyofuata siielezi sana. Nilishona, nikauza, nikadhulumiwa, nikashona tena.

Sasa ushauri, na wa kwanza ndio mkubwa: uliza bei. Uliza kwa mdomo, ukiwa umekaa, kabla hujaagiza hata maji. Sema hivi: "Bei hii ndiyo nitakayolipa, au kuna kinachoongezwa?" Sentensi moja tu. Ingetuokoa wote wanne. Sehemu nyingi VAT imeshaingizwa ndani ya bei, lakini ukikutana na ile isiyoingizwa, kwenye kila laki moja unadaiwa elfu kumi na nane juu yake. Zamani kulikuwa na sumu nyingine, menyu za dola, unapiga hesabu kwa kiwango cha jana wanakutoza kwa cha leo. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza bei za huduma hapa nchini kutajwa kwa fedha za kigeni. Ukiletewa karatasi ya dola, irudishe kwa adabu, omba ya shilingi. Na ukishalipa, dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, maana hiyo kodi umeilipa wewe.

Watu wanaona aibu kuuliza. Nakwambia matajiri ninaowashonea ndio wanaouliza kuliko wote. Yule mama wa Oysterbay anayekuja na dereva ananiuliza bei ya zipu! Anayeogopa kuuliza ni sisi, kwa sababu tunadhani kuuliza kunatutangaza. Ndugu zangu, ukimya ndio uliotutangaza sisi siku ile.

La pili, jua unaenda wapi. Masaki na Oysterbay zote zimekaa kwenye rasi moja ya Msasani, na rasi ina pande mbili. Upande wa mashariki ni Coco Beach, bahari wazi, upepo, mihogo ya kukaanga na pilipili ya kuwasha masikio, na hapo hakuna mlinzi wa kukuuliza chochote. Upande wa magharibi ni Slipway, eneo la maduka na migahawa, inaitazama ghuba ya Msasani, ndiko jua linakozamia majini, na ndiko zinakotoka boti za kwenda kisiwa cha Bongoyo. Kwa hiyo ukimwahidi mtu machweo halafu ukampeleka Coco, mtaliona jua likizama nyuma ya mapaa ya nyumba. Nimeona vijana wakifanya kosa hilo.

Kutokea mjini, siku hizi kuna Daraja la Tanzanite, lilifunguliwa mwaka 2022, kilomita moja na kidogo juu ya maji kutoka pale Aga Khan hadi upande wa Coco. Kulipita kwa miguu jioni ni starehe inayojitosheleza, na ni bure.

Na usikose Morogoro Stores, yale maduka ya Oysterbay. Hapo nitakaa kidogo, maana hapo ndipo mama yangu anapoingia kwenye habari hii.

Mama alifanya kazi za ndani Oysterbay miaka tisa, hadi 1995. Alfajiri alitoka Tandale kwa miguu, akaingia kwa geti dogo la pembeni, jioni akatokea hapohapo. Mkate wa bosi wake alitumwa kuununua Morogoro Stores, na ndiyo sababu sisi watoto tulikua tukisikia habari za "wachora chui". Baadaye sana nikajua aliokuwa anawaona ni warithi wa Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyeanza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli kwenye vibao, akaziuza picha zake pale, akafa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi. Miaka minne tu ya kuchora, na jina lake likawa jina la mtindo unaojulikana dunia nzima. Ushirika wa wachoraji wake uko pale Oysterbay hadi leo.

Kwa hiyo mtu akiniambia "Masaki si kwetu" namjibu. Mkoloni aliligawa jiji hili: Uzunguni huku, Uhindini pale katikati, Uswahilini nyuma. Oysterbay ilijengwa iwe Uzunguni. Lakini walioilea, walioipikia na kuipa hata picha ambazo watalii wanabeba kwenye mabegi, ni watu wetu. Wavuvi wa Msasani walikuwepo kabla ya geti la kwanza. Kwa nini mtoto wa aliyefagia uani aombe radhi kukaa barazani?

Jumamosi, basi. Mama ametimiza miaka sitini na tano. Nilimwambia tunakwenda Slipway, akavaa dera lake jipya, akatoa pochi kabatini, akanuka udi tangu chumbani. Nilikuwa nimeenda Jumatano peke yangu kuangalia menyu na bei, na hilo nalo ni ushauri: nenda kabla. Kunywa soda moja, soma menyu yote, angalia choo kiko wapi, ondoka. Siku ya siku utaingia kama mwenyeji.

Tulishuka kwenye bajaji. Mlinzi akasema, "Karibuni." Basi, neno hilo tu. Lakini Mama akasimama, akashusha mtandio kidogo, akaanza kujieleza: "Tumekuja kula tu, baba. Huyu ni mwanangu."

Hakuna aliyemuuliza. Alikuwa analijibu geti la miaka thelathini iliyopita. Nilimshika mkono tukaingia, na kwa hatua kama ishirini hivi sikuweza kusema kitu.

Tulipata meza karibu na maji. Kijana wa huduma akaja, kabla ya menyu akainama: "Shikamoo mama." Mama akaitikia marahaba, akamuuliza kwao wapi, ikawa ni Muheza, na wakazungumza machungwa mpaka nikaona meza nyingine zinamsubiri. Nikauliza swali langu kwa sauti ya kawaida: bei hizi ndizo tutakazolipa? Akasema ndizo, VAT imo ndani. Wala hakunishangaa.

Mama alichagua changu wa kuchoma. Alipoletwa alimgeuza kwa uma, akamnusa, akasema, "Huyu wa leo." Akasukuma uma na kisu pembeni. Niliomba maji ya kunawa, yakaja bakuli la maji ya vuguvugu na kipande cha ndimu, Mama akanawa taratibu hadi kwenye viwiko kama anatawadha, akala samaki yule mpaka ukabaki mwiba mweupe umenyooka mzima na kichwa chake. Jua likawa jekundu nyuma ya mashua. Hakuitazama simu hata mara moja, hakutaka nimpige picha akiwa anatafuna. Nilimpiga moja tu, akinawa.

Nilikuwa na hela ya kutosha, na nusu nyingine kwenye simu kwa dharura. Bili ilikuja kama nilivyoihesabu. Nikalipa, nikamwachia kijana wa Muheza elfu tano, nikachukua risiti. Ninayo hapa mezani ninapoandika.

Vijana wenzangu, msiende kule kukopa sura. Usivae kiatu cha kuazima, utatembea kama aliyekiazima. Usiagize jina usilolijua ili uonekane, uliza ni nini na ni bei gani. Usiende wanne kwa hela ya wawili. Na usimwache mtu akakuambia usogee mlangoni kwa kosa ambalo swali moja lingelizuia. Heshima ya kule haiuzwi kwenye menyu, unakuja nayo kutoka nyumbani, imehesabiwa, imo kwenye pochi. Mungu akikupa riziki, usiitumie kumwogopa mhudumu.

Kaka wa Chanika, jibu lako: kwa watu wawili inatosha. Tenga elfu thelathini pembeni usiiguse, hiyo ni ya bajaji na ya lolote. Anzeni Coco saa kumi kwa mihogo, mle kidogo tu, mkaangalie picha Morogoro Stores, mfike upande wa magharibi saa kumi na mbili kasoro. Ukishakaa, uliza. Mchumba akikuona unauliza bei akanuna, ni vizuri umemjua mapema.

Tuliporudi, Mama alimwomba dereva apite mtaa mmoja nyuma ya Haile Selassie. Ile nyumba haipo, pamesimama jengo la ghorofa lenye vioo. Dereva akapunguza mwendo. "Hapa palikuwa na mwembe," Mama akasema. "Na geti dogo lilikuwa hapa." Kisha akanigeukia: yule changu alikuwa bei gani? Nikamwambia ukweli, elfu thelathini na nane. Akaniambia mshahara wake wa mwisho pale ulikuwa elfu nane kwa mwezi. Akanyamaza mpaka tukafika Morocco. Pale kwenye taa akanigusa goti, akasema mwezi ujao tumchukue na shangazi.