Iafoni za Dar au shime sikio? Majibu kwa wasomaji

*Kamwene! Baba yangu ana miaka 64, amepasua mbao kwa chensoo karibu miaka 20. Anasema sauti anazisikia ila maneno hayapati, hasa tukiwa wengi. Kaka aliyeko Dar anataka kumletea AirPods Pro, zile iafoni za Apple zisizo na waya, eti siku hizi zinafanya kazi ya shime sikio (kifaa cha kumsaidia mtu kusikia) na ni nafuu. Tukubali?* Msomaji, Mafinga

Kamwene, ndugu. Kaka yako hajadanganywa. Septemba 2024, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliidhinisha programu inayozigeuza AirPods Pro 2 kuwa shime sikio, kwa watu wa miaka 18 na zaidi wenye upungufu wa kusikia mdogo hadi wa kati. Shika hayo maneno ya mwisho.

Unayoeleza ni dalili za sikio lililochakazwa na kelele. Chensoo hupita desibeli 100, yaani vizio vya ukubwa wa sauti. Kipimo cha usalama kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda hukatwa nusu. Kwenye 100 zinabaki dakika 15 tu. Zinazoharibika mapema ni seli zinazopokea sauti nyembamba, zile zinazobeba s, f, sh na t. Irabu hupona. Ukitamka saa, faa, paa au kaa, mzee anapata "aa" na kubahatisha mengine. Ndiyo maana kumpazia sauti hakusaidii. Anataka kifaa kinachoinua sauti nyembamba na kuziacha nene zilivyo. Vikuza sauti vya bei chee vya mitaani huinua kila kitu kwa mkupuo, sufuria ikianguka mzee anaruka.

Anzeni na kliniki ya masikio, pua na koo kwenye hospitali ya rufaa. Achunguzwe kama kuna nta, kisha apimwe usikivu na mpewe karatasi ya majibu, audiogramu. Upungufu ukiwa kati ya desibeli 26 na 60, AirPods zinaweza kumfaa. Ukizidi 60 hazina nguvu hiyo, hata mkilipa mara mbili.

Mtego mwingine ni simu. Kuziweka sawa kunataka iPhone yenye mfumo endeshi wa iOS 18 au zaidi, maana yake kuanzia iPhone XR na XS. Simu ya Android haitoshi. Zilipotoka Marekani ziliuzwa dola 249, lakini ukijumlisha na iPhone ule unafuu unayeyuka. Tena huduma hii hufunguliwa nchi kwa nchi, hivyo kaka aione ikifunguka kwenye simu yenyewe kabla ya kulipa. Kipimo cha ndani ya simu huchukua kama dakika 5 na kinataka ukimya. Msikifanye mvua ikipiga bati, kitamwonyesha kiziwi kuliko alivyo. Chagueni pia mpira wa sikio unaoziba sawasawa.

Chaji ya AirPods Pro 2 hudumu kama saa 6, kisha zinarudi kwenye kiboksi chake. Kwa ibada, kikao au taarifa ya habari zinatosha. Kwa anayehitaji kusikia tangu alfajiri hadi kulala, sisi tungechagua shime sikio, linalopangwa kufuata audiogramu yake na kushinda sikioni kutwa. Na tusifichane: mzee mwenye iafoni msibani ataonekana anasikiliza muziki.

*Shime sikio langu la nyuma ya sikio huzimika kila asubuhi ya baridi, mchana linarudi. Limekufa?* Msomaji, Njombe

Halijafa, lina maji. Joto la sikio likikutana na baridi ya Juni na Julai, mvuke hugeuka kuwa matone ndani ya mrija na kuzuia sauti. Chomoa kipande cha sikioni pamoja na mrija wake, toa matone kwa kipampu cha mpira. Usipulize kwa mdomo, pumzi yenyewe ina unyevu. Usiku weka kifaa kwenye kopo lenye mfuniko na pakiti 2 za silika, zile za boksi la viatu, lakini toa betri kwanza kwani silika huikausha. Usikianike karibu na jiko la mkaa.

Betri nazo huzira baridi. Zinatumia hewa: ukibandua kibandiko, subiri dakika 3 hadi 5 ndipo uifunge ndani. Kurudisha kibandiko hakuokoi kitu. Angalia rangi ya kibandiko pia: namba 13 ni ya machungwa, 312 ya kahawia, 675 ya bluu. Mrija ukishakuwa mgumu na wa njano, omba mwingine. Kwa kawaida hudumu miezi michache.

*Sikio la kushoto limekata ghafla tangu juzi, linavuma. Nimetiwa mafuta ya nazi ya moto. Ninunue iafoni?* Msomaji, Tukuyu

Usinunue chochote, na mafuta yaishe leo. Huenda ni nta tu, daktari ataiona kwa kutazama ndani ya sikio. Ikiwa si nta, huenda ni neva ya usikivu, na vidonge vya steroidi, dawa za kutuliza uvimbe wa ndani, hufaa zaidi vikianza mapema, siku za mwanzo. Nenda hospitali leo, usisubiri Jumatatu.