Amevaa shimesikio na amekaa mbele, mbona bado anakosa imla?

Swali: Nina mwanafunzi wa darasa la tano anayevaa shimesikio (kifaa cha kumsaidia kusikia) masikio yote mawili. Nimemkalisha dawati la mbele kabisa, lakini kwenye imla anakosa zaidi ya nusu, na nikimuuliza kama ameelewa anaitikia ndiyo. Tatizo liko wapi?

Jibu: Mwalimu, anza na kifaa chenyewe, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu huruka. Kila asubuhi simama nyuma yake, kama mita moja, asiuone mdomo wako. Tamka kwa sauti ya kawaida, ukichanganya mpangilio: m, u, i, a, sh, s. Tamka sauti zenyewe, si majina ya herufi, naye arudie kila moja. Pima sikio moja moja, kifaa cha upande wa pili kikiwa kimezimwa. Asiposikia chochote, badilisha betri. Akikosa sh na s alizozisikia jana, kagua nta au unyevu kwenye mrija. Kikipiga mluzi, kipande kinachoingia sikioni hakijakaa sawa, au sikio limekua na kipande hakilitoshi tena. Hapo mzazi akipeleke kwa mtaalamu wa usikivu.

Kifaa kikiwa kizima, tazama umbali. Shimesikio hukuza kila kinachoifikia, pamoja na viti vinavyoburutwa na minong'ono. Husaidia zaidi msemaji akiwa ndani ya mita moja au mbili. Umbali ukiongezeka maradufu, sauti yako hupungua kwa takriban desibeli 6, ilhali kelele za darasa zinabaki palepale. Ukisoma imla huku unatembea kati ya madawati, umeshampoteza.

Dawati la mbele kabisa nalo si zuri sana: wenzake wote wakijibu wako mgongoni kwake. Mhamishie safu ya pili, pembeni, sikio linalosikia vizuri zaidi likielekea darasani. Majibu ya wenzake yarudie wewe. Dirisha lisiwe nyuma yako, maana uso wako utakuwa giza, wala usiongee ukiwa umegeukia ubao. Kupaza sauti hakusaidii. Midomo hubadilika umbo na sauti hukwaruza.

Sasa imla. P, b na m zote hufunga midomo kwa namna ileile, kwa hiyo kwa macho “pata” na “bata” ni neno moja. Hata akikukazia macho kiasi gani, hawezi kuzitenganisha. Toa sentensi kwanza, “Bata anaogelea”, ndipo ulitaje neno peke yake. Kumwadhibu kwa makosa ya aina hiyo ni kumwonea.

Na hiyo “ndiyo” anakupa ili asiaibike mbele ya darasa. Mwulize swali lisilojibika kwa ndiyo: “Utaanza na hatua ipi?”