Chang'ombe ya Dodoma, na chupa ya mafuta ya taa

Mmeuliza: "Mtaa uliokulia ulikuwa hatari kiasi gani?" Mimi naomba niseme nani alikuwa anatulinda, maana hilo haliulizwi.

Nimekulia Chang'ombe, ya Dodoma, si ile ya Temeke. Tangu mwaka 1973, ilipoamuliwa makao makuu yahamie kwetu, mji umekuwa ukipimwa viwanja, lakini sisi tulijijengea tu, ukuta kwa ukuta. Vichochoro vyenyewe gari halipiti, na giza lake unalijua kama umewahi kupita. Ukimwambia mtu wa mtaa uliopimwa kama Area C unakaa Chang'ombe, anashika mfuko.

Nilikuwa na miaka 11. Mama alinituma mafuta ya taa, chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la muhindi. Wakati wa kurudi, pale korongoni, vijana watatu wakanizuia. Mmoja akanikaba kola, mwingine akawasha kiberiti anione uso. Huyo wa kiberiti akasema, "Mwacheni, huyu wa mama vitumbua." Akachukua chupa, akatangulia, mimi nyuma yake hadi mlangoni kwetu. Gunzi lilikuwa linavujisha, mafuta yakamchirizika mkononi. Akajifuta kwenye suruali, ya kaki, ina kiraka cha bluu gotini. "Mwambie mama asikutume usiku."

Mwezi haukuisha, alfajiri moja tukasikia "Mwizi! Mwizi!" Nilikimbilia huko kama watoto wote. Alikuwa chini, uso hautambuliki. Nilikiona kiraka. Walioshika mawe ni majirani, wateja wa mama. Ningeweza kusema huyu alinisindikiza. Sikusema. Hakufika hospitali.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuutetea mtaa wangu, kwamba kule tulilindana. Sasa naona tulilindana kwa kujuana sura, na yeye walimjua tangu mtoto, haikumsaidia. Ingawa nao siwezi kuwahukumu wote. Aliyeibiwa baiskeli ya kubebea maji ameibiwa riziki yake.

Dodoma ni jiji tangu 2018, nami nimejenga Nzuguni. Wanangu siwezi kuwarudisha Chang'ombe wakaishi, labda wakishakuwa wakubwa, wakitaka wenyewe. Lakini kila Jumapili nawapeleka kwa bibi yao, aliyegoma kuhama. Ikikaribia saa kumi na mbili jioni nawahimiza tuondoke, na yeye, na miguu yake ile inayouma, hutusindikiza mpaka tuvuke korongo.