Benki zikizuia malipo ya kubeti, pesa zangu zitakwama?

SWALI: Nasikia kuna pendekezo kwamba benki na kampuni za simu zikatae malipo ya kubeti mtandaoni. Nina shilingi 3,000 kwenye akaunti yangu ya kubeti. Rafiki ananishauri nijaze nyingine kabla mlango haujafungwa. Nifanyeje? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Usijaze. Toa, tena mapema.

Hizo 3,000 haziko benki wala M-Pesa. Kampuni ya kubeti ndiyo imezishika, nawe ni mdai wake tu. Pendekezo likiwa sheria, inayolengwa kwanza ni njia ya kuweka pesa, lakini ya kutoa nayo hupitia kwa watoa huduma hao hao. Kenya tumeyaona: Julai 2019 bodi ya leseni za kamari iliitaka Safaricom ikate nambari za Paybill, yaani za kulipia kwa M-Pesa, za kampuni 27 za kubeti. SportPesa na Betin zilifunga shughuli zao nchini mwishoni mwa Septemba mwaka huo.

Isitoshe, kujaza kunakula pesa hata kabla hujabeti. Tangu Julai 2025, kila unachoweka hukatwa ushuru wa 5%, na kila unachotoa hukatwa 5% nyingine. Weka 1,000, zinaingia 950. Zitoe bila kubeti, unapata 902.50. Huyo rafiki hajapiga hesabu hii.

Anza na kitambulisho: jina la akaunti lifanane na la laini yako, maana hapo ndipo maombi mengi ya kutoa hukwama. Kama ulipokea bonasi, soma masharti yake, kwani huenda sehemu ya salio haitoki mpaka uichezee. Toa kiasi kidogo kwanza, ngoja ujumbe wa M-Pesa, ndipo utoe kilichobaki. Mkeka (tiketi ya kubeti) ambao mechi zake hazijaisha, upige picha ya skrini pamoja na salio na tarehe.

Akitokea “wakala” wa kukuwekea pesa kupitia namba yake binafsi, mkatae. Kwenye rekodi utaonekana umemtumia mtu pesa, si kampuni, na akikana huna risiti ya kumbana nayo.

SWALI: Nikilipa kwa kadi, benki hujuaje kuwa ni kamari? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Kila mfanyabiashara anayepokea kadi hupewa msimbo wa tarakimu nne. Wa kamari ni 7995. Benki ikiamua kuuzuia, malipo hukataliwa papo hapo. Ukikataliwa usirudierudie, benki inaweza kushuku wizi na kuifunga kadi.

Udhaifu uko kwenye njia zisizo na msimbo. Sheria ya Marekani ya Oktoba 2006 ilizitaka benki zizuie malipo ya kamari haramu ya intaneti, lakini hundi na uhamisho wa akaunti kwa akaunti havibebi alama hiyo. Wengine wakaona heri kudanganya: katika kesi iliyofunguliwa New York Aprili 2011, waendesha mashtaka walidai malipo ya poka, kamari ya karata, yalifichwa kama ununuzi wa vito na mipira ya gofu.

Kwa hiyo soma taarifa ya kadi yako. Ukilipia kubeti halafu ikaandikwa duka la vito, usiweke tena hata shilingi. Toa salio lako siku hiyo hiyo, kisha iarifu benki.